Panya naye ana mshahara: mashine ya kumlisha inahitaji mtu wa kuiangalia

Wandugu wachimbaji na familia zenu, wengine watauliza: sendika ya watu wa mines inatafuta nini katika mambo ya panya wa maabara? Tuko na sababu, nayo ni kikohozi. Hapa Mpofi, kati ya Masisi na Walikale, kama popote watu wanapochimba kasiterite na koltani, mwenye kupiga jiwe shimoni anavuta vumbi. Vumbi hilo linaharibu mapafu, na mapafu yaliyoharibika yanakamatwa upesi na kifua kikuu. Kongo yetu iko kwenye orodha ya OMS ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huo.

Sasa tuende Morogoro, Tanzania. Pale kwenye Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, shirika la APOPO, lililoanzishwa Ubelgiji mwaka 1997, linafundisha panya buku tangu mwaka 2000. Ni yule panya mkubwa ambaye wenye kusema Lingala wanamwita motomba, na ambaye kwetu mara mingi anaishia chunguni. Mwanzo walimfundisha kunusa mine. Si mine yetu ya madini, ni bomu lililofukiwa ardhini. Mmoja wao, Magawa, alipata mabomu hayo 71 kule Kambodia, na mwaka 2020 shirika la PDSA la Uingereza likamupa medali ya dhahabu.

Kisha wakawafundisha panya wengine kunusa makohozi. Panya mmoja anapitia sampuli 100 kwa dakika 20 hivi, kazi ambayo mutu wa mikroskopi anaweza kuifanya siku ine. Lakini neno la mwisho si la panya. Sampuli aliyoionyesha inapimwa tena na watu wa labo kabla mgonjwa hajaambiwa kitu. APOPO wenyewe wanasema, katika vituo vinavyofanya kazi nao, hesabu ya wagonjwa wanaogunduliwa imepanda karibu 40 kwa mia.

Panya anafundishwa namna gani? Anaposimamisha pua juu ya sampuli inayojulikana kuwa na ugonjwa, anasikia mulio mudogo, kisha anapewa chakula, kama ndizi iliyopondwa. Kile chakula njo mshahara wake. Ukimulipa kwa sampuli safi, umemufundisha uongo. Akifanya kazi ya kweli asilipwe, anagoma, sawa vile sisi tunagoma. Njo maana kwa watu wa maabara, kulisha panya si kazi ndogo ya mufagiaji.

Katika maabara mengi ya dunia, mkono wa mutu umeachia mashine kazi hiyo. Wazo ni la zamani: miaka ya 1930 kule Marekani, B. F. Skinner alitengeneza sanduku ambamo panya anafinya kijiti, na kidonge cha chakula kinaanguka. Leo kompyuta inazungusha mota, kidonge kinashuka, na yote inaandikwa. Mashine zingine ni za posho tu: zinatoa chakula cha siku kwa saa iliyopangwa, hata usiku, hata siku ya yenga.

Lakini mashine inaweza kudanganya. Majira ya mvua kidonge kinavuta maji, kinavimba, kinaziba mufereji. Mota inazunguka, kompyuta inaandika "nimetoa", na hakuna kitu kilichoanguka. Ama umeme unakatika Ijumaa jioni, na Siku ya Kwanza asubuhi watu wanakuta panya amelala na njaa siku mbili. Mnyama ameteseka, na hesabu yote ya wiki haina maana tena.

Njo maana wanaweka uangalizi wa mbali. Kwanza, hawahesabu mizunguko ya mota, wanahesabu vidonge vilivyoanguka kweli: kijicho cha mwanga kinawekwa mdomoni mwa mufereji, na mzani chini ya chombo cha chakula unaonyesha kama kinapungua. Pili, maji na joto la chumba vinapimwa. Tatu, kamera yenye kuona gizani, kwa sababu panya anatembea usiku. Habari hizo zinaenda kwa rezo ya telefone. Intaneti ikiwa dhaifu, mesaje fupi inatosha. Batri inakuwa pembeni ya kushika kazi umeme ukikatika.

Kuna sheria moja zaidi, na hiyo njo tunaipenda kuliko zote: kimya pia ni alama ya hatari. Mashine inapashwa kusema "niko" kila saa. Ikinyamaza, telefone ya mutu wa zamu inalia. Na huyo mutu awe karibu, awe na ufunguo, awe na chakula mkononi. Bila yeye, kamera itakuonyesha tu panya anavyokufa.

Sisi Mpofi hatuombi panya wa Morogoro. Tunaomba ile sheria. Mashine ya kupima makohozi ambayo OMS iliikubali mwaka 2010, GeneXpert, inatoa jibu kwa saa karibu mbili. Lakini inataka umeme usiokatika, chumba kisicho na joto kali, na kartushi ndani ya stoki. Ikisimama, nani anajua? Mchimbaji aliyetembea siku nzima na kikohozi chake njo anapata habari mlangoni: "rudi wiki ijayo". Wengi hawarudi. Wanashuka tena shimoni na kukoholea wenzao, kisha wanakoholea watoto nyumbani.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Kila mashine ya kupima katika zoni za afya za kwetu iwe na mutu wa zamu anayejulikana, na ikisimama, mesaje ifike siku ile ile kwa vituo vyote vinavyoitegemea. Kooperative zilipe motari wa kubeba makohozi siku moja iliyopangwa kila wiki, na jibu lirudi kwa telefone ya mgonjwa mwenyewe. Na PDG wa shimo asimufukuze mutu kwa sababu ya matibabu: dawa za kifua kikuu cha kawaida ni miezi sita, na mwenye kuogopa kupoteza nafasi yake ataficha kikohozi.

Mama, baba, ukikohoa kupita wiki mbili, enda upimwe. Ukikuta mashine imesimama, ambia delege wa sendika siku ile ile, usingoje wiki ijayo. Tunataka kuandika kila siku ambayo mashine ilinyamaza, na kupeleka hesabu hiyo kwa wakubwa wa zoni.