Usiku wa Kombe la Dunia, mezani kuwe na nini?

Mama mmoja wa Kighare, kwetu milimani Upareni, ameniuliza swali ambalo naona linawahusu wengi wenu. Nyumba yake ndiyo yenye televisheni kubwa, kwa hiyo Kombe la Dunia likianza Juni 11 majirani watajaa kwake. Mumewe ana shinikizo la juu la damu, mama mkwe ana kisukari, na mtoto wa mwisho ana miaka miwili na nusu. Awaandalie nini bila kuonekana bahili?

Hilo la ubahili si dogo. Watani zetu Wachaga wametusema vya kutosha sisi Wapare, na mwenye nyumba anayeweka magimbi mahali pa kreti la soda anajua kesho atasimuliwa. Lakini gimbi likitengenezwa vizuri halina aibu yoyote.

Tuanze na saa. Mashindano yanachezwa Marekani, Kanada na Mexico. Miji ya mashariki mwa Marekani iko nyuma yetu kwa saa 7, hivyo mechi inayoanza kule saa 9 alasiri, hapa ni saa 4 usiku. Wageni wako watakuwa wameshakula chakula cha jioni. Kinachofuata ni nyongeza, tena kinaliwa bila kutazamwa: macho kwenye mpira, mkono kwenye sinia. Kwa hiyo mpe kila mtu kibakuli chake kabla ya filimbi. Sinia la pamoja linalojazwa kila likipungua, hakuna anayejua amekula kiasi gani.

Soda ya mililita 350 huweza kuwa na sukari gramu 35 au zaidi, yaani vijiko vya chai vinane au tisa. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima akibaki chini ya vijiko kama sita kwa siku ndiyo vizuri zaidi. Chupa moja imeshavuka hapo. Juni huku juu ni baridi; pika chai ya tangawizi, ile ya Mamba Miamba ina ukali wa kutosha, jaza chupa za chai na sukari iwekwe kando. Asiyetaka chai apewe maji yenye vipande vya limau.

Kwa baba mwenye presha, adui ni chumvi. Kiwango cha siku nzima ni chini ya gramu 5, kama kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, na humo mboga ya mchana imeshachukua sehemu yake. Soseji, kripsi za pakiti na karanga za chumvi humaliza kilichobaki kabla ya mapumziko. Tumia limau, pilipili, kitunguu saumu.

Sasa magimbi. Yachemshe hadi yaive kabisa, maana yasipoiva yanawasha koo. Yakate vipande virefu, yapake mafuta kidogo, yapange kwenye sufuria nzito, moto mdogo chini na makaa juu ya mfuniko, kama unavyooka keki. Viazi vitamu pia vinakubali. Ponda parachichi na limau, nyanya na kitunguu, wachovye humo. (Mwenye ugonjwa wa figo aliyekatazwa parachichi na ndizi, katazo hilo halilegei kwa sababu ya mpira.) Makande yaliyokaushwa, yakiwa na karoti na hoho, kwenye bakuli dogo yanashibisha kuliko maandazi matatu, na maharage husaidia sukari isipande kwa kasi. Hata hivyo mama mkwe asiyahesabu kuwa ya bure, ni chakula.

Karanga ni nzuri, konzi moja. Zenye ukungu au zilizosinyaa zitupwe, kwa kuwa kukaanga hakumalizi sumukuvu, sumu ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016 kupitia mahindi.

Na hapa nakuomba mzazi usome taratibu. Mtoto wa chini ya miaka mitano asipewe karanga nzima wala bisi. Hawezi kuzisaga vizuri, njia yake ya hewa ni nyembamba, na goli likiingia kila mtu anaruka, naye anacheka akiwa na karanga mdomoni. Akikohoa ghafla kisha akatulia, bado mpeleke hospitali, kwani huenda imeshuka kwenye pafu. Akishindwa kulia, kukohoa au kupumua, mwinamishe, mpige mara tano kati ya mabega kwa kisigino cha kiganja. Isipotoka, aliyezidi mwaka mmoja mkumbatie kwa nyuma, umbinye juu ya kitovu kwa nguvu kuelekea ndani na juu, mara tano. Wa chini ya mwaka anabinywa kifuani, si tumboni. Rudia huku mtu akitafuta gari. Usichokore koo kwa kidole.

Mama mkwe, kama anatumia insulini au glibenklamidi, ale chakula cha jioni kwa saa yake ya kila siku, asingoje mapumziko. Kwa anayetumia dawa hizi, dengelua au bia tumbo likiwa tupu huweza kushusha sukari hadi usiku wa manane. Jasho, kutetemeka na maneno yasiyoeleweka, majirani watadhani ni ulevi au ni mpira umempanda. Hapo ndipo soda ina kazi: weka chupa moja kabatini, yenye sukari ya kawaida, na akiwa anaweza kumeza mpe nusu glasi mara moja. Baada ya dakika 15, ikiwa hajapata nafuu, mpe tena. Akipata nafuu, ale kitu. Akiwa amepoteza fahamu usimwekee chochote mdomoni, mlaze ubavu na mkimbizeni kituo cha afya, hata kama ni penalti.