Safari Huhesabiwa Toka Mlangoni



Mara nyingi nyumba zetu za Karagwe na Kyerwa hupatwa na jambo hili: mgonjwa ameandikiwa na daktari kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza, na jamaa hukutana jioni kushauriana. Mmoja husema, "Apande ndege Bukoba, ni dakika 40 tu." Basi kahawa huuzwa, au ng'ombe, na nauli hulipwa. Lakini dakika hizo 40 ni za safari ipi? Neno hili lataka kufikiriwa kabla fedha hazijatoka mkononi.

Tupime kwanza. Toka kiwanja cha Bukoba hata kiwanja cha Mwanza, kwa mstari ulionyoka juu ya Ziwa, ni kilometa 175 hivi. Gari halina budi kulizunguka Ziwa kwa upande wa Geita, mwendo upitao kilometa 400, ijapokuwa daraja la Kigongo na Busisi lilifunguliwa mwaka 2025. Walimu na wawape watoto hesabu hii: ndege iendayo kilometa 500 kwa saa yamaliza kilometa 175 kwa dakika ngapi? Watapata 21. Mbona basi twaambiwa 40? Kwa sababu ndege haianzi na mbio zake zote. Hutembea chini, huruka, hupanda. Na ikikaribia hupunguza mwendo na kushuka polepole. Safari ikiwa fupi, mambo hayo ndiyo huchukua sehemu kubwa.

Tena mgonjwa wetu hakai kiwanjani. Toka Kayanga mpaka Bukoba kwa njia ya Kyaka ni zaidi ya kilometa 100, na mtu wa Murongo yu mbali zaidi. Yampasa kufika kiwanjani mapema, na akishuka Mwanza angali na mji wa kuvuka hata kilima cha Bugando. Dakika 40 zimekuwa karibu siku nzima.

Na Ziwa lina pepo zake. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege iliyotoka Dar es Salaam, yenye watu 43, ilianguka majini karibu na kiwanja cha Bukoba katika hali mbaya ya hewa. Watu 19 walikufa. 24 waliokoka, na wavuvi waliwaendea upesi kwa mitumbwi yao. Hatusemi haya ili kuwatia hofu, maana meli nayo, MV Bukoba, ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikielekea Mwanza. Twasema ili rubani akikataa kuruka kwa sababu ya mvua, jamaa wasimnung'unikie. Kuchelewa si kupotea.

Basi shauri letu ni hili. Hesabuni safari toka mlangoni kwenu. Mwombeni daktari barua ya kuonyesha kwamba mgonjwa aweza kupanda ndege. Msimalize fedha zote katika nauli, bali wekeni akiba ya chakula na malazi, ya mgonjwa na ya mwenye kumwuguza. Na sisi tunaobaki, tusiulize tu, "Amefika?" Twende tukapalilie migomba yake, tukawalishe watoto wake. Hiyo nayo ni sehemu ya safari, wala haihitaji ndege.

Mungu awalinde wasafiri wetu wote.