Mafuta ya Gia na ya Haidroliki kwa Matrekta ya Zamani

Mkulima mwenye ekari chache hanunui trekta jipya. Hununua lililokwisha kulima mashamba ya wengine miaka mingi, ama peke yake, ama kwa shirika na jirani zake. Miongoni mwa matrekta hayo ni Massey Ferguson 35, na 135 lililoanza kuundwa mwaka 1964. Kitabu chake aghalabu kimepotea. Na hata kikionekana, hutaja mafuta ambayo majina yake hayako tena dukani. Basi mwenye trekta huuliza, Nitie mafuta gani? Swali hili si dogo. Mafuta yasiyofaa hayaliui trekta siku ile ile, bali hulila polepole. Na ubovu hudhihirika wakati wa kazi nyingi, yaani mvua za kwanza, ambapo kila siku ya kungoja fundi ni hasara ya mavuno.

1. Fahamu kazi ya mafuta.

Katika 35 na 135, gia, difu na pampu ya haidroliki hutumia mafuta mamoja, na pampu imezama ndani yake. Kwa hiyo mafuta hayo yana kazi mbili zisizofanana. Meno ya gia hutaka mafuta yenye utando imara, usiokatika meno yabanapo. Pampu hutaka mafuta mepesi kiasi cha kupita katika chujio na katika njia nyembamba za vali. Yakiwa mazito mno, pampu huvuta isishibe. Utaisikia ikilia, na mikono ya kuinulia jembe hupanda kwa kusitasita. Yakiwa mepesi mno, huvuja ndani ya pampu iliyochakaa trekta lipatapo moto, na jembe halinyanyuki vema.

2. Usidanganyike na namba.

Wengi hudhani ya kuwa SAE 80 ya gia ni nzito kuliko SAE 30 ya injini, kwa sababu 80 ni zaidi ya 30. Sivyo. Namba za gia na namba za injini ni vipimo viwili mbalimbali, kama ratili na kilo. SAE 80 ya gia hukaribiana na SAE 20 au 30 ya injini. SAE 90 ya gia hukaribiana na SAE 40 au 50 ya injini. Basi kabla ya kulinganisha makopo mawili, tazama kwanza kila kopo ni la kazi gani.

3. Jihadhari na salfa mahali penye shaba.

Mafuta ya gia hutiwa dawa yenye salfa ili meno yasilane. Alama GL-4 huonyesha kiasi cha kadiri. GL-5 ina dawa nyingi zaidi, nayo ilikusudiwa hasa difu za magari. Katika matrekta ya zamani mna bushi na sehemu nyingine za shaba, na salfa kali, hasa penye joto, huila shaba. Kwa hiyo usitie GL-5 katika gia za trekta la zamani kwa kudhani ya kuwa namba kubwa ndiyo bora.

4. Mafuta yanayofaa siku hizi.

Yako mafuta yaliyotengenezwa kwa ajili ya matrekta ambayo gia na haidroliki hushirikiana. Huitwa UTTO. Tafuta juu ya kopo alama za watengenezaji: kwa Massey Ferguson ni M1135, M1141 au M1143, kwa Ford ni M2C134-D, kwa John Deere ni J20C. Kama trekta lako lina Multi-Power, hapana budi uyashike haya, kwa maana ndani mna sahani za klachi zinazofanya kazi zikiwa zimelowa mafuta, na mafuta ya gia matupu huziharibu. Lakini UTTO isitiwe katika injini. Yaliyoruhusiwa kutumika kotekote, injini na gia, huitwa STOU.

5. Debe la bei rahisi.

Huko Marekani, 303 lilikuwa jina la mafuta ya zamani ya John Deere, yaliyochanganywa na mafuta ya nyangumi. Mafuta hayo yalikoma katika miaka ya 1970, lakini madebe yenye namba 303 yaliendelea kuuzwa na watu wengine. Mwaka 2017 serikali ya jimbo la Missouri ilizuia kuuzwa kwa baadhi yake, kwa kuwa yalipopimwa hayakufaa. Jifunze hapo: jina lililozoeleka si ushahidi. Kama debe halionyeshi alama za leo, liache.

6. Namna ya kubadili.

(a) Liache trekta lisimame usiku kucha. Asubuhi legeza kizibo cha chini kidogo tu. Maji yakiwamo yatatoka kwanza. Mafuta yenye rangi ya maziwa yameingiwa na maji.
(b) Kaza kizibo, endesha trekta mpaka lipate moto, kisha mwaga mafuta yote.
(c) Fundi asafishe chujio la pampu, kwa maana mafuta mapya hung'oa taka za miaka mingi. Alitazame tena baada ya siku chache za kazi.
(d) Jaza hadi alama ya kijiti, trekta likiwa mahali tambarare na mikono ya jembe imeshushwa.
(e) Mafuta machafu yasimwagwe karibu na kisima wala mtoni.

Mwisho, andika kwa rangi karibu na kizibo cha kujazia jina la mafuta uliyotia na tarehe. Trekta la shirika lina madereva wengi, na kila mmoja huja na debe lake. Maandishi hayo yatawazuia kuchanganya, nalo jembe litakuwa tayari mvua zitakapofika.