Usalama wa Fomu ya Mawasiliano katika Tovuti Ndogo: Mazingira ya Kambi ya Nyarugusu

Kambi ya Nyarugusu, iliyoko Wilaya ya Kasulu mkoani Kigoma, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi waliotoka mashariki ya Kongo. Kuanzia mwaka 2015 ikapokea pia Warundi waliokimbia machafuko ya kisiasa nchini mwao. Kikundi kinachohudumia watu hawa kinapoweka fomu ya mawasiliano kwenye tovuti yake, kinajitwika dhamana ya kutunza siri za watu ambao jina, kijiji cha asili na namba ya simu vyaweza kutosha kuwatambulisha kwa wale waliowakimbia.

Miongozo mingi ya kiufundi huishia kwenye cheti cha usalama cha itifaki ya HTTPS, ambacho siku hizi hupatikana bila malipo. Cheti hicho ni cha lazima, lakini hulinda ujumbe ukiwa njiani tu, kati ya kivinjari na seva. Baada ya hapo programu nyingi za fomu hutuma ujumbe wote kwa barua pepe isiyosimbwa, kwenye kisanduku kinachofunguliwa na watu kadhaa kwa nenosiri moja, huku nakala nyingine ikibaki katika hifadhidata bila ukomo. Hatari kubwa, basi, huanza pale ujumbe unapokwisha kufika.

Tukio la Januari 2022 ladhihirisha hoja hii. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba wadukuzi walikuwa wameingia katika seva zenye taarifa za watu zaidi ya 515,000, wakiwemo waliotenganishwa na jamaa zao kwa vita na uhamaji. Wadukuzi walipitia udhaifu wa programu uliokuwa haujarekebishwa. Ikiwa taasisi yenye wataalamu wake yenyewe ilipatwa na hayo, kikundi kidogo hakina budi kutegemea kinga iliyo rahisi zaidi: kutokusanya kisichohitajika.

Kwa hiyo fomu yaweza kuwa na sehemu mbili tu, ujumbe wenyewe na njia ya kujibiwa, na hiyo ya pili iwe ya hiari. Namba ya kitambulisho cha mkimbizi haina nafasi humo. Ujumbe uhifadhiwe kwenye seva ukiwa umesimbwa na ufutwe baada ya muda uliowekwa. Barua pepe iarifu tu kwamba kuna ujumbe mpya. Fomu itumie mbinu ya POST badala ya GET, kwa kuwa GET huweka maneno ya mtumaji ndani ya anwani ya ukurasa, nayo anwani hubaki katika historia ya kivinjari. Simu inapotumiwa na watu wengi wa kaya moja, jambo hilo si dogo: mlalamikiwa aweza kuwa ndiye mwenye simu. Kwa sababu iyo hiyo, ukurasa wa shukrani usirudie ujumbe uliotumwa.

Dhidi ya barua taka, sehemu iliyofichwa ambayo roboti huijaza na binadamu haioni hutosha kwa tovuti nyingi ndogo. Majaribio ya picha hulemea mtandao dhaifu, hupeleka taarifa kwa kampuni ya nje, na humtaka mkazi wa Kasulu atambue mabomba ya zimamoto ya mitaa ya Marekani. Seva nayo ikatae alama ya mstari mpya katika sehemu ya anwani, ambayo wahalifu huitumia kutuma barua zao kwa jina la tovuti.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa zikusanywe kwa lengo mahususi na zisizidi lengo hilo. Pia inadhibiti usafirishaji wake nje ya nchi, suala linalogusa kila tovuti iliyopangisha seva ng'ambo. Mtumaji aelezwe, kwa Kiswahili na kwa Kirundi, nani atausoma ujumbe na utakaa muda gani. Maelezo hayo yawekwe juu ya kitufe cha kutuma, si chini yake.