Sumukuvu kwenye mahindi: dhahabu ya nano inasaidia nini?

Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 317 waliugua na 125 wakafariki baada ya kula mahindi yenye sumukuvu. Kenya inaruhusu mikrogramu 10 tu za sumukuvu kwa kilo ya mahindi. Kwa macho huwezi kuziona.

Linganisha na kipimo cha sukari, kile cha kutoboa kidole. Nacho ni biosensa ya umeme: kimeng'enya kwenye kijiti kinachukua elektroni kutoka kwa glukosi, mkondo unasomeka. Lakini lita moja ya damu ina karibu gramu 1 ya sukari. Sumukuvu tunayoitafuta ni pungufu ya hapo takriban mara laki moja!

Kwenye biosensa ya sumukuvu, elektrodi hupakwa kingamwili zinazoidaka sumu hiyo. Kwenye kimiminika tunaweka chumvi inayotoa na kupokea elektroni kirahisi. Sumu ikinaswa inaziba njia, chumvi haifiki vizuri kwenye elektrodi, mkondo unashuka. Shida ni kwamba molekuli ya sumukuvu ni kidogo sana mbele ya kingamwili, kwa hiyo kila moja inaziba kidogo mno. Lazima zinaswe nyingi.

Sasa chukua mchemraba wa dhahabu wa sentimita 1. Uso wake ni sentimita za mraba 6. Ukatekate (kwa mawazo tu, dhahabu ni ghali) uwe vichemraba vya nanomita 10. Dhahabu ni ileile, ila uso umekuwa mita za mraba 600, yaani kiwanja cha 20 kwa 30. Kingamwili zinapata pa kukaa, na kwa kuwa dhahabu inapitisha umeme, mkondo wa mwanzo unakuwa mkubwa, hivyo hata upungufu mdogo unaonekana.

Ila tusidanganyane. Uso mpana haubagui: protini na mafuta ya mahindi nayo yanang'ang'ania palepale. Ndiyo maana nafasi zilizobaki hufunikwa kwanza kwa protini kama albumini. Ukisoma utafiti wenye namba za kupendeza, angalia kama walipima unga au maji safi ya maabara.

Halafu kuna gunia lenyewe. Sumukuvu haisambai sawasawa. Punje chache zinaweza kubeba karibu yote. Ukichota kikombe kimoja cha juu, biosensa itakupa jibu la kikombe hicho tu. Chota sehemu nyingi, saga, changanya, ndipo upime.