Kizuizi Kinachomkabidhi Mnunuzi kwa Tapeli

Mkazi wa Genkuru, wilayani Tarime, anapoagiza pampu ya maji au vipuri vya pikipiki kutoka China, duka la mtandaoni humpima kabla ya kupokea hela yake. Mfumo wa ulinzi haumjui. Unasoma dalili tu: kadi imetolewa nchi gani, simu iko wapi, anwani inafanana na ile iliyoko benki au la. Ukaguzi wa anwani uliozoeleka Marekani na Uingereza hulinganisha namba ya nyumba na msimbo wa posta, na kwa mtu aliyezoea kutumia sanduku la posta la mjini hauna cha kulinganisha. Operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022 ilikuja kuziba pengo hilo, lakini mifumo ya maduka ya ng'ambo haibadiliki kwa kasi hiyo. Simu ikinasa mnara wa Kenya kule Sirari mpakani, shaka inaongezeka. Malipo halali yanakataliwa, na mnunuzi haambiwi sababu.

Aliyekataliwa haachi kuhitaji pampu. Anamtafuta "wakala" wa WhatsApp au Instagram, anamtumia hela kwa simu na kusubiri mzigo. Hapo ndipo hatari inapokuwa kubwa zaidi. Malipo ya kadi yana utaratibu wa kulalamika benki na kudai marejesho. Hela aliyoituma mwenyewe kwa namba ya mtu, ikishatolewa, ni vigumu mno kuirudisha. Kwa hiyo sikubali kuuita ukali huo ulinzi. Duka limepunguza hasara yake kwa kumtwisha mnunuzi.

Wenye maduka watajibu kwamba kadi ya wizi ikitumika, wao hupoteza bidhaa na hela pia. Ni kweli, na dai hilo lina uzito. Lakini benki iliyotoa kadi ikimthibitisha mnunuzi kwa mfumo wa 3-D Secure, kwa kawaida hasara ya kadi ya wizi huhamia kwa benki hiyo. Ukali pia unaweza kupimwa kwa kiasi cha malipo: Ulaya, ambako uthibitisho wa namna hii umekuwa takwa la kisheria tangu Septemba 2019, sheria inaruhusu kuulegeza kwa malipo madogo yasiyozidi euro 30.

Wapo pia wanaosema msimbo wa SMS unatosha. Hautoshi, kwa sababu anayefanikiwa kuihamishia laini yako kwenye kadi yake ya simu anaupokea yeye. Wala usajili wa laini kwa alama za vidole si kinga tosha, kwani haujaumaliza hata utapeli wa ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Afadhali ujumbe unaotaja jina la duka na kiasi, kisha mteja aweke namba ya siri, pamoja na kadi ya mtandaoni inayowekwa hela ya ununuzi huo tu. Nchini Kenya kadi ya mtandaoni kupitia M-Pesa ilianza kutolewa mwaka 2022. Benki na kampuni zetu za simu zina wajibu wa kumweleza kwa Kiswahili kila anayekataliwa kilichokwamisha malipo yake, na kuacha kuukagua muamala wa shilingi 40,000 kwa ukali uleule wa milioni 4.