Ukuta wa Murang'a na fedha ya msanii

MURANG'A, katikati ya Kenya, lipo kanisa kuu ambalo kuta zake zilichorwa na kijana wa Marangu, chini ya Kilimanjaro. Elimo Njau, mzaliwa wa Tanganyika aliyesomea sanaa Makerere, Uganda, alimaliza kazi hiyo mwaka 1959. Ni picha tano kubwa, kuanzia kuzaliwa kwa Yesu hadi kusulubiwa, na waliomo ni Waafrika. Nchi tatu zilikutana kwenye ukuta mmoja kabla Jumuiya haijazaliwa.

Kazi ile iliagizwa kwa ajili ya jengo lile. Siku hizi katika miji yetu mambo huenda kinyume: jengo linakamilika, rangi inapakwa, ndipo bosi mmoja anaona ukuta wa mapokezi uko mtupu. Msanii akiitwa, swichi zimeshafungwa, bomba limepita katikati na fedha zimekwisha. Mwisho inatundikwa picha ya dukani iliyochapwa ng'ambo.

Ufaransa iliweka utaratibu mwaka 1951, ikianzia na majengo ya elimu: asilimia 1 ya gharama ya ujenzi iwe ya sanaa. Philadelphia, Marekani, ilifuata mwaka 1959, na Chicago mwaka 1978.

Tupige hesabu. Soko la Sh10 bilioni lingetenga Sh100 milioni. Fedha hiyo haiishii mfukoni mwa mchoraji. Humo mna vigae, saruji, vyuma, mbao, jukwaa la kupandia, lori na ushuru wa mpakani. Muuza vigae anayepita Namanga au Busia ana fungu lake hapo, sawa na mchomelea vyuma wa jua kali.

Wapo watakaosema hiyo ni anasa wakati soko halina choo. Hoja ina uzito. Lakini mabwanyenye wa Zanzibar na Lamu hawakuhesabu mlango wa nakshi kuwa pambo la kuongezwa baadaye. Ulikuwa mlango wa nyumba, na mchongaji alilipwa kama fundi mwingine.

Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika Julai 2010, lakini mchongaji wa Kisumu hawezi kushindania kazi ya Mwanza ambayo haimo kwenye zabuni. Sanamu nzito inahitaji nguzo ya kuibeba, na nguzo huchorwa na mhandisi mwanzoni. Kwa hiyo zabuni ya soko jipya ikitangazwa, pa kuangalia ni kwenye mchanganuo wa gharama: je, kuna mstari wa sanaa, na umeandikiwa kiasi gani?